SINEMA MAJESTIC YA UNGUJA: JENGO, WATAZAMAJI NA LUGHA YAO

Vuga, pembezoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, lipo jengo la sinema ambalo wenyeji hulitaja kwa neno moja tu: Majestic. Uso wake wa mbele ungali umesimama. Ukumbi ulio nyuma yake umepoteza paa, na kwa miaka mingi mvua za masika zimekuwa zikinyesha moja kwa moja mahali palipopangwa viti. Juhudi za kulifufua zipo, zikiongozwa na jumuiya ya Hifadhi Zanzibar, na hapana shaka kwamba wahandisi na wasanifu majengo wana mengi ya kusema juu ya kuta, nguzo na paa. Mhadhara huu unauliza swali ambalo kwa kawaida haliulizwi katika vikao vya ukarabati, nalo ni la wanaisimu: jumba la sinema linapokarabatiwa, ni kitu gani hasa kinachorudishwa?

Swali hili lina haraka yake. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini jengo la sasa lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1950, leo amekaribia miaka tisini au ameipita. Ukuta uliopasuka unaweza kungoja fedha mwaka mwingine mmoja au miwili, ukiegemezwa kwa miti. Kumbukumbu ya mtazamaji haina mti wa kuiegemeza.

Neno na jumba

Neno sinema limefika katika Kiswahili kwa njia ndefu. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio picha zinazokwenda, kwa kutumia mtambo walioupa jina lililoundwa kwa mizizi miwili ya Kiyunani, mmoja wenye maana ya mwendo na mwingine wenye maana ya kuandika. Jina hilo lilikuwa refu mno kwa matumizi ya kila siku. Likakatwa nusu, na ile nusu ya kwanza ndiyo iliyosambaa duniani. Waswahili waliipokea kupitia Kiingereza, wakaiandika mara senema, mara sinema, mpaka umbo la pili likatawala.

Kisarufi, neno hili liliingia katika ngeli ya I-/ZI- bila ya tabu, kama yalivyo maneno mengi ya mkopo. La kuvutia zaidi ni tabia yake mbele ya kiambishi cha mahali. Mtu huenda sokoni, msikitini, shambani. Lakini huenda sinema, kama anavyokwenda posta, benki au stesheni. Wapo wanaosema sinemani, ila ni wachache. Baadhi ya majina ya taasisi zilizokuja na mji wa kisasa hukataa kiambishi hicho kwa sababu yenyewe yamekwisha kubeba maana ya mahali pamoja na maana ya shughuli ifanyikayo hapo. Anayesema amekwenda sinema hasemi tu kwamba aliingia katika jengo fulani. Anasema pia kwamba alivaa, alitoka, alikata tiketi, alikaa gizani na wenzake, na aliporudi alikuwa na la kusimulia. Neno hilohilo hutaja jengo, hutaja filamu, na hutaja tendo zima la jioni ile. Wanaopanga kukarabati sinema wangefaidika kulikumbuka jambo hili, maana kwa mzungumzaji wa Kiswahili jengo ni theluthi moja tu ya neno.

Filamu zilifika Unguja kabla ya majumba ya kuzionyeshea. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini waonyeshaji walizunguka na mitambo yao, na mojawapo ya kumbi za awali mjini watu waliiita Sinema ya Bati kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, banda la mabati. Jina hilo ni la kienyeji kabisa, lilitolewa na waliokaa ndani wakisikia joto. Ulipofika mwanzo wa miaka ya 1920 mji ukapata jumba lililojengwa mahususi kwa shughuli hiyo, nalo likapewa jina la Royal. Msanifu wake alikuwa John Sinclair, afisa wa Kiingereza aliyesanifu pia Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani, na ambaye alipata kuwa Balozi Mkazi wa Uingereza katika visiwa hivi. Jumba hilo, lililokuja kuitwa Majestic, liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950. Mahali pake pakajengwa jengo linaloonekana leo, lenye mtindo wa kisasa wa wakati ule, ambao ulipendelea mistari mirefu iliyonyooka na pembe zilizolainishwa, na uliozipamba kumbi za sinema kuanzia Bombay hadi Mombasa.

Majina yenyewe yanastahili kusomwa kama waraka. Royal, Empire, Majestic, Sultana: mji mdogo wa bandari uliketi gizani chini ya majina ya ufalme, himaya, utukufu na malkia. Hayakuchaguliwa na watazamaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Sultana, iliyokuwa Malindi, iligeuzwa jina ikawa Cine Afrique, na maana ya badiliko hilo haihitaji ufafanuzi. Majestic ilibaki na jina lake. Yumkini sababu ni kwamba kwa wakati huo neno hilo lilikwisha kupoteza maana yake ya Kiingereza midomoni mwa watu, likawa jina la mahali tu, kama Vuga au Darajani. Wengi wa waliokubaliana kukutana Majestic hawakuwa wakifikiria utukufu wa mfalme yeyote.

Filamu za lugha ngeni

Hapa pana fumbo ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angepaswa kulitafakari. Serikali ya kikoloni ilijitahidi kuwapa watu wa Afrika Mashariki filamu zinazosema lugha yao. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanywa mradi wa majaribio wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, zikihusu kilimo, afya, kodi na mengineyo. Maelezo yake yalitiwa katika santuri, ili filamu moja iweze kusema Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipigwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza. Filamu hizo zilieleweka neno kwa neno. Watu walizitazama, aghalabu bure, zilipoletwa na gari viwanjani.

Lakini fedha yao, ile ndogo waliyoipata kwa jasho bandarini, katika karafuu au kwa ushonaji, waliipeleka dirishani kununua tiketi ya filamu ya Kihindi ambayo wengi wao hawakuielewa lugha yake. Filamu ya Awaara ya 1951, ya Raj Kapoor na Nargis, ilipofika Unguja iligusa watu kiasi ambacho wazee waliihadithia kwa msisimko nusu karne baadaye. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake cha 2018 juu ya watazamaji na wenye sinema wa miji ya Tanzania ndicho kazi pana kuliko zote katika uwanja huu, amelionyesha jambo hili kwa ushahidi mwingi wa mazungumzo na watazamaji wenyewe. Filamu hizo hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili chini ya picha. Watu waliwezaje basi kuzipenda hivyo?

Jibu jepesi husema kwamba nyimbo na machozi havihitaji tafsiri. Jibu hilo ni la kivivu. Ukumbi wa Majestic haukuwa na watu wa lugha moja. Ndani yake waliketi wasemaji wa Kigujarati na Kikachi waliokielewa Kihindi kwa viwango mbalimbali, Waswahili waliokua nao mtaa mmoja na kuokota maneno, na wengine waliokuja mara ya pili au ya tatu kuitazama filamu ileile. Ujuzi ulipita kutoka kiti hadi kiti. Aliyeelewa alimnong'oneza jirani. Jirani akaipitisha safu ya nyuma, pengine kwa sauti iliyozidi mnong'ono. Kufikia mwisho wa juma hadithi nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na mtafsiri alikuwa ukumbi wote. Tena tafsiri hiyo haikuishia mlangoni. Kesho yake ilisimuliwa barazani kwa ambaye hakupata tiketi, na msimulizi hodari aliongeza chumvi yake.

Ndiyo kusema kwamba filamu za Kiswahili za serikali zilimwachia mtazamaji kazi ndogo, kwani kila kitu kilikwisha kuelezwa. Filamu ya Kihindi ilimpa kazi ya kutafsiri, kukisia na kubishana. Je, baba yule hakimu alikuwa na haki ya kumfukuza mkewe kwa sababu ya shaka tu? Je, mapenzi yawe juu ya radhi ya wazazi? Mijadala hiyo iliendeshwa kwa Kiswahili, na katika mijadala hiyo msamiati wa mapenzi, heshima na fedheha ulisuguliwa ukang'aa.

Usiku wa Jumapili ndio uliokuwa wa filamu kubwa ya Kihindi, na familia zilitoka kwa mavazi yao bora. Yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, neno lenye asili ya Kiajemi lililopitia India. Kwa mwanamke wa mjini ambaye ada zilimzuia kuchanganyika na wanaume hadharani, zanana ilikuwa ruhusa iliyotambuliwa. Mabuibui yalijaa ukumbini, watoto wachanga wakiwemo, na waliohudhuria hawakunyamaza. Mtafiti wa lugha angetoa mengi ili asikie saa moja tu ya mazungumzo yale, maana Kiunguja cha wanawake wa mjini kilichosemwa bila ya mwanamume kusikiliza ni sehemu ya lugha iliyoandikwa kwa uchache sana.

Upo mfereji mwingine ambao sauti za India ziliupitia kuingia katika Kiswahili, nao ni taarabu. Njia yake ni kongwe kuliko filamu zenye sauti: Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, miaka mitatu kabla ya Alam Ara, filamu ya kwanza ya India iliyosema. Filamu zilipoanza kuimba, watunzi wa pwani walizitwaa tuni zake na kuzivisha mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana sana kwa mtindo huo. Wako waliolidharau jambo hili wakisema ni uigaji, lakini kutia shairi lenye mizani na vina vya Kiswahili katika tuni iliyoundwa kwa lugha yenye mkazo na urefu tofauti wa silabi ni kazi ngumu ya kiisimu, na waliofanikiwa walikuwa na sikio zuri kuliko wakosoaji wao.

Maneno yaliyotoka ukumbini

Kila ukumbi wa umma huacha masazo katika lugha. Neno linalojulikana kuliko yote ni stelingi, au steringi. Katika mabango ya Kiingereza neno hilo lilitangulia jina la mchezaji mkuu, likiarifu kwamba fulani ndiye anayeongoza mchezo. Mtazamaji wa Kiswahili, aliyeliona daima ubavuni mwa jina la mtu, alilichukua kuwa cheo cha mtu huyo. Kitenzi cha Kiingereza kikageuka nomino ya Kiswahili, tena nomino ya kiumbe hai: stelingi amepigwa, mastelingi wamekutana. Kutoka hapo ikazuka kanuni ambayo kila mtoto wa mjini aliijua, kwamba stelingi hafi. Kanuni hiyo hutumiwa hadi leo kwa mwanasiasa aliyenusurika au mchezaji mpira aliyerudi uwanjani, na watumiaji wake wengi hawajapata kukaa katika jumba la sinema la aina ya Majestic.

Neno picha lilipanuka kwa namna nyingine. Lilianza kwa kutaja picha iliyopigwa au kuchorwa, likaja kutaja filamu, kisha likahamia ngeli ya LI-/YA- ili kuonyesha ukubwa. Picha la Kihindi ni filamu ndefu yenye nyimbo, vita na vilio. Pia ni tukio lolote la nyumbani au ofisini lililorefushwa kwa machozi yasiyokwisha. Uhamisho huu wa ngeli unafaa kufundishiwa, kwani unaonyesha jinsi viambishi vya upatanisho vinavyobeba hukumu ya msemaji. Badili la liwe ya, na kejeli yote hutoweka.

Trela nalo lina hadithi yake. Kabla ya filamu kuu watu walionyeshwa vipande vya filamu ijayo. Leo anayesema kwamba hiyo ni trela tu, picha lenyewe bado, huwa anatoa onyo. Mtu anayegombana njiani huwapa wapita njia sinema ya bure. Na wale waliozinunua tiketi za Jumapili mapema na kuziuza mlangoni kwa bei ya juu walifanya biashara ya kulangua, neno ambalo katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983 lilipata uzito wa jinai. Ni vigumu kumwona mlanguzi wa tiketi kuwa adui wa taifa. Hata hivyo jina lao lilikuwa moja.

Kamusi za Kiswahili hutoa maana za maneno lakini kwa kawaida hazisemi neno lilianza kutumika lini, wapi na kwa kinywa cha nani. Kwa lugha zenye magazeti ya karne tatu, kazi hiyo hufanywa maktabani. Kwa msamiati wa sinema wa Unguja maktaba ni wazee waliobaki, pamoja na mabango, vipeperushi na vipande vya tiketi vilivyomo makabatini mwao.

Giza lililohamia nyumbani

Kufa kwa Majestic hakukuwa na sababu moja. Baada ya Mapinduzi majumba ya sinema ya Unguja yaliingia mikononi mwa Serikali. Upande wa Bara Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa 1968, lilipewa jukumu la uagizaji na usambazaji. Katika miaka ya shida ya fedha za kigeni filamu mpya zilipungua, mitambo ikachakaa, na nakala zilizokatikakatika zikaonyeshwa tena na tena. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongo miwili kabla ya Bara, lakini pigo kubwa zaidi lilikuwa kanda za video za miaka ya 1980. Familia iliyokuwa ikitoka Jumapili sasa ilikaa sebuleni. Katika miaka ya 1990 kumbi nyingi za nchi zilifungwa, zikageuzwa maghala, maduka au nyumba za ibada. Empire ya Unguja iligeuzwa duka kubwa. Majestic ilibaki na kutu yake.

Lakini ile kazi ya ukumbi, ya kutafsiri pamoja, haikufa. Ilihamia vibandani. Dar es Salaam, msimulizi aliyejulikana kwa jina la Lufufu alizipa filamu za kigeni masimulizi ya Kiswahili, akieleza, akitania na kuongeza mambo ambayo mtengenezaji wa filamu hakuyawaza. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wake wafanyao kazi hiyo kwa Kiganda. Wataalamu waliowashangaa wasimulizi hawa kama kitu kipya wangewauliza wazee wa Vuga. Sauti ya mtu mmoja kwenye kipaza sauti ilichukua nafasi ya minong'ono ya watu mia kadhaa, na kazi ikabaki ileile.

Kurudisha nini

Mji Mkongwe una chombo cha uhifadhi tangu 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa zilizoupatia heshima hiyo ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, baraza na vichochoro. Jengo la saruji la miaka ya 1950 linakaa vibaya katika picha hiyo. Si la kale kiasi cha kuheshimiwa kwa ukongwe, wala si jipya kiasi cha kutumika bila gharama. Mwelekeo wa kuthamini mlango wa nakshi na kuipuuza sinema una kasoro kubwa: mlango wa nakshi ulikuwa wa tajiri mmoja, ilhali mlango wa Majestic uliingiwa na mji mzima, ingawa kwa tiketi za bei mbalimbali.

Kiufundi pia majengo ya kizazi hiki yana ugonjwa wao. Mafundi wa Unguja wamejifunza kwa tabu kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa haupendi kupigwa plasta ya saruji, kwa kuwa saruji huzuia unyevu usitoke na chumvi ikaula ukuta kwa ndani. Katika majengo ya zege hatari iko kwenye nondo. Hewa ya bahari hupenya nyufa, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka vipande vipande. Paa likishaondoka mambo huharakishwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote ya Mji Mkongwe, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba uhifadhi ni suala la ladha.

Mfano wa ng'ambo unaweza kusaidia, nao unatoka kwa walewale waliolipa neno sinema mzizi wake. La Ciotat ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Ufaransa ambako familia ya Lumière ilikuwa na nyumba, na stesheni yake ndiyo iliyopigwa katika ile filamu fupi maarufu ya treni ikiingia. Ukumbi wa mji huo, Eden, ulifunguliwa 1889 kwa ajili ya michezo na muziki, na filamu za akina Lumière zilionyeshwa humo 1899. Uliporomoka pole pole ukafungwa 1995. Mwaka uliofuata ukatangazwa kuwa jengo la kihistoria, na hatimaye Oktoba 2013 ukafunguliwa tena. Basi hata mahali ambapo sinema ilizaliwa, palipo na fedha na sheria madhubuti, safari ilichukua miaka 18. La kuzingatia zaidi ni kwamba Eden ilirudishwa ikiwa sinema inayofanya kazi. Haikugeuzwa sanamu ya kupigia picha.

Unguja haiwezi kulalamika kwamba haina watazamaji. Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, limewaleta watu Ngome Kongwe kutazama filamu chini ya nyota, na ndani ya ukumbi usio na paa wa Majestic pia filamu zimepata kuonyeshwa usiku. Mvua pekee ndiyo iliyokuwa mkaguzi wa filamu.

Yapo mambo matatu ambayo wahifadhi wangepaswa kuyapokea kutoka kwa wanaisimu kabla paa halijafungwa, na la kwanza lina uzito kuliko mengine yote. Wazee wahojiwe sasa, kwa vinasa sauti vizuri, na wahoji wawe wanaojua Kiunguja cha mjini. Wasiulizwe tu ni filamu gani walizipenda. Waulizwe walisema nini. Nani alitafsiri? Kiti cha ghorofani kiliitwaje, na cha mbele kabisa, kile cha watoto, kiliitwaje? Filamu ilipokatika watu walipiga kelele kwa maneno gani? Mwanamke aliomba ruhusa ya kwenda zanana kwa kauli ipi? Wanawake wahojiwe na wanawake. Aidha wahojiwe waliokuwa wafanyakazi, yaani waendesha mitambo, wakata tiketi, wabandika mabango na wauza njugu wa mlangoni, kwani msamiati wa kazi hupotea kabla ya msamiati wa starehe.

La pili ni maandishi ya jengo lenyewe. Jina Majestic libaki, maana limekwisha kuwa la Kiswahili kwa haki ya matumizi. Lakini maelezo yatakayowekwa ukutani yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na yatungwe kwa Kiswahili. Katika majengo ya urithi ya pwani mgeni hukutana mara nyingi na Kiswahili kilichotafsiriwa kwa haraka kutoka katika maelezo ya Kiingereza, kikiwa na sentensi zisizotembea. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa ukumbi uliotafsiri Kihindi kwa ufasaha miaka arobaini utashindwa kujieleza wenyewe.

La tatu litapata wapinzani. Kanuni za sinema za siku hizi humtaka mtazamaji anyamaze. Ukumbi wa Majestic utakaporudi, usifungwe kwa kanuni hiyo usiku wote. Ziwepo jioni za msimulizi, na jioni za filamu za kale za Kihindi ambapo wenye kujua wataruhusiwa kuwaambia wasiojua; irudi pia zanana, ikiwa wanawake wa mji wataitaka. Hasara ya kelele ni ndogo, na mwenye kutaka kimya anaweza kuja Jumanne.

Kazi ya kwanza kati ya hizi haihitaji kungoja mkandarasi. Viti vya plastiki vinaweza kupangwa katika ukumbi ulivyo, kitambaa kikatundikwa, na Awaara ikaonyeshwa kwa wazee wa Vuga, Malindi, Kikwajuni na Ng'ambo, wakiwa wamekaa pamoja na wajukuu wao. Vipaza sauti vielekezwe kwa watazamaji.